Kioo cha Nyuma cha Tangi la Samaki Kiseme Kweli

Wakazi wa Uwanda wa Juu wa Ufipa wanaishi kati ya maziwa mawili yasiyofanana. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi na maji maangavu, ambalo kwa kina ni la pili duniani. Mashariki, katika Bonde la Ufa, liko Ziwa Rukwa, lenye kina kifupi na maji ya tope. Pamoja na hayo, mwanafunzi wa Sumbawanga aweza kuhitimu sekondari akiwa amewajua samaki wa maziwa hayo sokoni na mezani tu, bila kumwona hata mmoja akiwa hai ndani ya maji, akilinda kao lake au akilea wanawe.

Tangi la samaki la kioo, likiwekwa sebuleni au katika maabara ya shule, laweza kuliziba pengo hilo. Lakini kila anayeunda tangi hukutana na swali linaloonekana dogo: kioo cha nyuma kifunikwe kwa nini? Wengi hubandika picha ya matumbawe ya baharini kwa sababu inapendeza. Wengine hukiacha kioo wazi, nyaya na ukuta vikaonekana. Naona kwamba njia zote mbili hazifai, hasa shuleni. Kioo cha nyuma hakina budi kufanana na mahali samaki alikotoka, na njia bora na rahisi ni kukipaka rangi isiyong'aa, kwa upande wa nje.

Tuanze na samaki mwenyewe. Ngozi ya samaki ina seli zenye punje za melanini, yaani rangi nyeusi. Punje hizo zikitawanyika ndani ya seli, samaki huwa mweusi. Zikikusanyika katikati, huwa mweupe zaidi. Kazi hii huongozwa na neva na homoni, kufuatana na kile ambacho macho ya samaki huona kumzunguka. Mwaka 1983 Hiroshi Kawauchi na wenzake walieleza homoni waliyoitenga kutoka tezi ya pituitari ya samoni, ambayo huzikusanya punje hizo na kumfanya samaki apauke. Kwa hiyo rangi ya kioo cha nyuma humgusa samaki mwenyewe, mpaka ndani ya ngozi yake.

Je, mabadiliko hayo yana faida gani? Mwanasayansi wa Marekani, Francis Sumner, alilijibu swali hili mwaka 1934. Aliwaweka samaki wadogo wa jamii ya gambusia katika matangi meusi na matangi meupe kwa majuma kadhaa, hadi wakafanana na makao yao. Kisha aliwachanganya katika tangi la rangi moja na kumwachia ndege aina ya pengwini awawinde. Walioliwa zaidi ni wale ambao rangi yao haikulingana na tangi. Kwa samaki, basi, kufanana na mazingira ni jambo la kufa au kupona. Samaki aliyezungukwa na weupe mtupu hana pa kujificha. Haishangazi akipauka na kujibanza pembeni.

Fisikia nayo ina neno la kusema. Nuru inayotoka majini kupitia kioo kwenda hewani, ikikigonga kioo kwa pembe inayozidi takriban nyuzi 49 kutoka mstari wima wa kioo, haitoki kabisa. Yote huakisiwa kurudi ndani. Maana yake ni kwamba samaki anayekitazama kwa mshazari kioo chenye hewa nyuma yake huona kioo cha kujitazamia. Samaki wengi wa jamaa ya perege hutetea makao yao kwa ukali, na wakiiona taswira yao huishambulia kama adui. Karatasi iliyoshikizwa kwa selotepu haiondoi tatizo hilo, kwa kuwa kati yake na kioo hubaki utando wa hewa. Rangi iliyopakwa hushikana na kioo bila kuacha hewa, ikainyonya nuru, na sehemu kubwa ya mwakisiko huo ikatoweka. Mwalimu wa fisikia ana somo zima hapo.

Sasa, rangi ipi? Hapa ndipo jiografia yetu inapotuongoza. Samaki wa majabali ya Ziwa Tanganyika, kama vile Tropheus moorii aliyeelezwa na Boulenger mwaka 1898, wanafaa kioo cha kijivu kilichoiva au cha hudhurungi, pamoja na mawe yaliyopangwa ndani. Wapo samaki wadogo, kama Lamprologus ocellatus, wanaoishi na kutaga katika makombe matupu ya konokono juu ya mchanga. Hao wanafaa rangi ya mchanga. Perege wa Ziwa Rukwa, Oreochromis rukwaensis, anafaa rangi ya udongo wa tope. Buluu iwekwe kwa samaki wa maji ya wazi, kwani maji hunyonya kwanza miali myekundu ya nuru na kuiacha ile ya buluu.

Wako watakaosema kwamba picha ya matumbawe huwavutia watoto, na kwamba tangi la kijivu linachusha. Hoja yao si ya kupuuzwa, maana pasipo mvuto hakuna udadisi. Lakini matumbawe hayaoti katika Ziwa Tanganyika. Kumweka samaki wa Kipili au Kasanga mbele ya picha ya bahari ni kumfundisha mtoto uongo kwa macho yake, na jicho husadiki upesi kuliko sikio. Isitoshe, nyuma ya kioo kilichotulia ndipo samaki mwenyewe anapong'ara, na mvuto wahitaji kutoka kwake.

Kazi yenyewe haina gharama kubwa. Kioo kisafishwe kwa spiriti kabla maji hayajatiwa, kingo zizibwe kwa utepe wa karatasi, na rangi ipakwe nje mara mbili au tatu, kila mkono ukiachwa ukauke. Rangi isipakwe ndani kamwe, kwani kemikali zake huweza kuingia majini. Anayetaka ukuta wa saruji ndani ajue kwamba saruji mbichi hutoa chokaa na kupandisha alkali kiasi cha kuwaua samaki, hata wale wa Tanganyika waliozoea maji yenye pH ya karibu 9.

Sumbawanga, iliyo zaidi ya mita 900 juu ya uso wa Ziwa Tanganyika, ina baridi kali miezi ya Juni na Julai, ilhali maji ya juu ya ziwa hilo huwa na nyuzi 24 za Selsiasi au zaidi. Kipasha joto chahitajika. Rangi ikisha kukauka, yafaa kuegemeza nyuma yake bodi nyepesi ya povu, kama ile inayofungashiwa televisheni, ili kuzuia joto lisipotee.

Walimu wa biolojia wanaweza kuanza hata kabla ya kuwa na tangi. Chukueni vifaranga wanne wa perege kutoka bwawa la karibu. Wawili watiwe katika beseni jeupe na wawili katika beseni jeusi, katika mwanga ulio sawa. Baada ya nusu saa, wahamishieni wote pamoja katika chombo kimoja na kuwalinganisha mara moja. Wanafunzi waandike walichokiona kabla ya kufungua kitabu.

Shule za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo ziko karibu na samaki ambao mataifa ya mbali huwanunua kwa fedha nyingi ili kuwatazama tu. Haifai sisi tulio jirani nao tuwaone kwa mara ya kwanza katika vitabu vya wageni. Tuwatazame hapa kwetu, na nyuma yao tuweke rangi ya ziwa lao.