UCHAMBUZI: Heroini hubomoa kinga ya mwili kimyakimya

HEROINI inapotajwa, wengi hufikiria wizi na vifo vya ghafla. Ipo hatari nyingine ijayo polepole, nayo haimkabili mraibu peke yake.

Utafiti umeonyesha kwamba dawa za jamii ya afyuni, hasa mofini, ambayo ndiyo heroini hugeuka kuwa mwilini, zikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha chembechembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Sindano za kushirikiana nazo hueneza virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya C.

Katika mtaa wa Pipeline, Nairobi, majumba ya ghorofa yamebanana hata vyumba vingi hukosa jua na hewa safi. Mazingira ya aina hiyo hurahisisha uenezaji wa kifua kikuu. Mwenye kinga dhaifu akiugua, wote wanaolala naye chumba kimoja wamo hatarini.

Serikali ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Mathari mnamo Desemba 2014. Nayo ni ya jamii ya afyuni, lakini hunywewa kwa kipimo, mbele ya mhudumu, hivyo humwepusha mraibu na sindano. Hata hivyo, dawa ya kufuatwa kila siku humshinda asiye na nauli. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, ilidhihirika pia jinsi huduma hizo zilivyotegemea wafadhili.

Kumtupa mraibu seli hakumrejeshei kinga. Anayetaka kuudhibiti ugonjwa Eastlands hana budi kuisogeza tiba karibu na wakazi.