Mkishakata utepe, mgonjwa anameza nini?

Hivi jamani, mashine ya endoskopi inatibu au inaangalia? Nauliza kwa sababu kila hospitali ikipata moja, mgeni rasmi anakata utepe, magazeti yanaandika kwamba wasioweza kumeza sasa wamepata mkombozi, na habari inaishia hapo.

Tuambizane ukweli. Ule mpira wenye kamera, peke yake, unaonyesha tatizo tu. Na tatizo letu ni kubwa: saratani ya umio imeshamiri katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Mgonjwa huanza kukwamwa na ugali, baadaye uji, mwisho hata maji. Wengi hufika hospitalini wakati upasuaji hauwezekani tena. Hapo kinachoweza kuwarudishia mlo ni stenti, yaani bomba la wavu wa chuma linalofunguka ndani ya umio na kusukuma uvimbe pembeni.

Kuiweka si mchezo. Njia ikiwa nyembamba mno, kamera haipiti. Daktari hutanguliza waya mwembamba bila kuona unakoishia. Akikosea, umio unatoboka. Stenti fupi haifuniki uvimbe wote, nyingine huhama na kuteleza kuelekea tumboni. Uvimbe ukiwa juu karibu na koo, mgonjwa anaweza kushindwa kuivumilia. Ndiyo maana kawaida hutakiwa eksirei inayoonyesha picha papo kwa papo wakati kazi ikiendelea.

"Hatuna eksirei hiyo," watasema wakubwa. Sawa. Mbona pale Tenwek, Bomet nchini Kenya, madaktari wamechapisha matokeo ya stenti zipatazo 1,000 walizoweka bila eksirei hiyo? Wanapima urefu wa uvimbe kwa endoskopi yenyewe, wanatanua njia, ndipo wanaachia stenti. Ni hospitali ya misheni ya huko shamba, siyo London!

Kwa hiyo msituambie teknolojia imetushinda. Kilichotushinda ni bajeti inayonunua mashine ya kupigia nayo picha, halafu inasahau waya, vifaa vya kutanulia, stenti, fundi wa matengenezo na muuguzi aliyefundishwa kuusafisha ule mpira.

Waandishi wenzangu, siku nyingine mgeni rasmi akishika mkasi, muulizeni stoo kuna stenti ngapi. Akibabaika, hapo ndipo mmepata habari.