Mistari Myeusi na Mtunza Ghala wa Katoro

Mali inapopungua ghalani, wa kwanza kushukiwa ni mtunza ghala. Katoro, mji wa biashara mkoani Geita, magari hushusha saruji, mabati, mbegu, pampu za maji na golori za karasha kwa ajili ya wakulima na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Katika mji wa namna hiyo mtunza ghala aweza kuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye daftari moja na kalamu moja, anayelinda mlango ambao ufunguo wake uko kwa watu zaidi ya mmoja. Siku ya kuhesabu mali, daftari likisema mifuko 400 na macho yakisema 391, ile mifuko 9 huweza kukatwa katika mshahara wake, pasipo mtu kuuliza kama iliibwa au iliandikwa vibaya siku ilipoingia.

Ndiyo maana suala la alama za mistari, ambazo wengine huziita msimbomilia au baakodi, si suala la anasa za maduka makubwa ya mijini. Linagusa riziki ya mtu na jina lake. Kwa bahati mbaya wengi wanaozisifu alama hizo huzisifu kwa sababu isiyo sahihi: husema kwamba zinatunza mali. Alama haitunzi kitu. Alama ni jina tu, lililoandikwa kwa namna ambayo mashine hulisoma upesi.

Mstari mweusi humeza mwanga, nafasi nyeupe huurudisha. Mashine hupima mwanga unaorudi na kuugeuza kuwa tarakimu. Katika alama ya tarakimu 13 iliyo ya kawaida madukani, kila tarakimu inayochorwa hupewa upana wa vipande 7, vinavyogawanywa katika mistari miwili myeusi na nafasi mbili nyeupe. Wamarekani Norman Joseph Woodland na Bernard Silver walipata hataza ya wazo la namna hii mwaka 1952, lakini matumizi yake madukani yalingoja leza na kompyuta. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja la mji wa Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ilisomwa kwa alama ya mtindo ambao bado unatumika.

Sasa mfanyabiashara wa Katoro atazame mfuko wa saruji. Mistari iliyopigwa juu yake ni ile ile iliyo juu ya kila mfuko wa aina hiyo kutoka kiwanda hicho. Inataja aina, haitaji mfuko. Ule ulioingia Januari na ule ulioingia Juni ni ndugu wasiotofautika mbele ya mashine, ingawa wa kwanza huenda umekwisha kuganda kwa unyevu. Kwa mbegu hasara ni kubwa zaidi, kwani mkulima huigundua shambani mvua ikiwa imekwisha kupita. Na gunia la mpunga lililoshonwa kijijini halina alama yoyote. Kwa hiyo ghala halina budi kubandika karatasi zake lenyewe, zenye namba ya shehena na tarehe ya kuingia, ili kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. (Kosa jingine limeenea: namba inayoanza na 620 huonyesha kuwa ilitolewa kupitia GS1 Tanzania, si ushahidi kwamba bidhaa imetengenezwa nchini.)

Gharama ya vyombo si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Simu yenye kamera na programu inayofaa huweza kusoma alama hizo, na umeme ukikatika leja ya karatasi ingali palepale. Kikwazo kigumu ni mwenye mali mwenyewe. Yeye ndiye hufika usiku, akatoa mifuko miwili kumpa shemeji, asiandike. Mfumo wowote utashindwa mbele ya mkono huo. Ikiwa sharti ni kwamba hakuna kipitacho mlangoni bila kusomwa, sharti hilo limfunge tajiri kabla ya kumfunga kijana; hapo ndipo kumbukumbu ya saa, namba na jina la aliyetoa itakapomtetea asiye na mtetezi.

Walimu wa hisabati nao wana sehemu yao, kwa kuwa namba hizi hujikagua zenyewe. Tuchukue namba ya kubuni, 620123456789, yenye tarakimu 12. Jumlisha zile za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 26. Jumlisha zilizobaki, 27, uzidishe kwa 3: 81. Jumla ni 107. Ili kufikia 110 inahitajika 3, nayo ndiyo tarakimu ya 13. Kalamu ikikosea tarakimu moja, daftari hulipokea kosa kimya kimya. Mashine hulikataa papo hapo. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, mara nyingi kosa hugunduliwa pia, isipokuwa pale zinapotofautiana kwa 5, kama 2 na 7. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuonyesha kwa nini ni 5 na si namba nyingine, kwa kutumia kalamu, karatasi na pakiti yoyote ya majani ya chai.