Pipa Linalompimia Mwenye Taka

Safu ya Mji Wetu
Na Zuhura Makame

Mkazi wa ghorofa jijini Seoul, Korea Kusini, akishuka na mabaki ya chakula cha usiku hugusisha kadi kwenye mashine iliyo uani. Kifuniko hufunguka, anamwaga, mizani iliyo ndani inapima, na kioo kidogo kinaonyesha uzito. Mwisho wa mwezi hulipia alichomwaga.

Ndiyo maana wakazi huchuja maji kwanza. Takriban asilimia 80 ya uzito wa mabaki hayo ni maji, na nani apende kulipia mchuzi? Maofisa wa jiji wanasema mashine 6,000 za aina hiyo zilipunguza taka za chakula kwa tani 47,000 katika miaka sita.

Hata hivyo, mashine zilikuta njia imeshasafishwa. Tangu 1995 Wakorea walikuwa wakilipia taka kwa kununua mifuko maalumu. Mwaka 2005 serikali ikapiga marufuku kufukia taka za chakula. Zikaelekezwa kwenye mboji, malisho ya mifugo na gesi. Ada ya kulipia taka hizo kwa kadiri ya wingi wake ilienea nchini mwaka 2013.

Philadelphia, Marekani, ilishika njia nyingine. Kuanzia 2009 iliweka mapipa yapatayo 500 yanayoshindilia taka kwa umeme wa jua na kutoa taarifa yakikaribia kujaa. Safari za kuyazoa zilishuka kutoka 17 kwa wiki hadi 5. Ni nafuu kubwa ya mafuta, ila pipa hilo huzungumza na dereva tu. Mtupaji haambiwi kitu.

Miji ya Afrika Mashariki inahitaji kwanza pipa linalozungumza na mtupaji. Dampo la Dandora, Nairobi, lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na malori yameendelea kumwaga humo. Habari ya kujaa ilifika mapema. Kilichokosekana ni pengine pa kupeleka. Zaidi ya nusu ya taka za miji hii ni maganda, majani na makombo, mali ya mboji iliyochanganywa na plastiki.

Kenya tayari ina sheria ya mwaka 2022 inayotaka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Serikali za kaunti zianzie masokoni: ziweke mizani, zitoze kwa kilo, na zijenge viwanda vya mboji kabla ya kusaini mkataba wowote wa mapipa yenye vihisi.