Usimkopeshe kijana pombe kwa pamba ambayo haijavunwa

Ndugu mkulima na ndugu mfanyabiashara, leo tuweke pembeni mbegu na mbolea. Kuna kitu kinachotumalizia mavuno hapa Chato hata pale tulipofanikiwa kudhibiti funza wa vitumba. Kitu hicho ni pombe, hasa ile ya mkopo.

Msimu wa pamba ukifunguliwa mwezi Mei, fedha huingia mifukoni. Lakini wapo vijana ambao fedha yao ina mwenyewe tayari: imeandikwa kwenye daftari la muuza pombe tangu pamba ikiwa kwenye maua. Maoni yangu ni haya: anayemkopesha kijana pombe kwa kutegemea mazao anavuna shamba ambalo hakulilima.

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo tupige hesabu. Kijana akinywa ya shilingi 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, kwa siku 30 ni shilingi 60,000. Kwa miezi 12 ni shilingi 720,000. Peleka hesabu hiyo kwa wakala wako wa pembejeo, muulize ingekununulia mifuko mingapi ya mbolea.

Hasara si ya fedha tu. Aliyelewa akipiga dawa ya wadudu hapimi vizuri, hajikingi, na upepo unamrudishia sumu usoni. Akishuka kwenye duara machimboni au akiingia ziwani usiku, anahatarisha na wenzake. Pombe huharibu ini, hupandisha shinikizo la damu na huongeza hatari ya saratani ya koo, ya ini na ya titi. Ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi kwenye miaka 25, hivyo anayeanza na miaka 15 anaumia zaidi. Na gongo ni hatari zaidi, maana mnywaji hajui kilichomo. Mei 2014 nchini Kenya, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya 60, na wengine walipofuka.

Najua kuna mama atakayesema, "Afisa, gongo ndiyo inayonisomeshea watoto." Simdharau. Ila muhogo na mahindi yanayoingia kwenye pipa ndiyo chakula kinachokosekana Januari. Soko la udaga lipo, la dagaa lipo, na wachimbaji wanahitaji chakula kila siku. Jiungeni kikundi, kisajilini, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri haina riba: asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu.

Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba. Kiroba kilikuwa cha bei ndogo na kiliingia mfukoni, hata mwanafunzi alikimudu. Sheria ilikiondoa kiroba. Mkopo wa pombe tunaweza kuuondoa wenyewe, na napendekeza mkutano mkuu wa kijiji ukubaliane mambo matatu:

1. Pombe ni kwa fedha taslimu. Deni la pombe lisidaiwe kwenye mazao.
2. Vilabu visifunguliwe asubuhi, wakati wa kazi za shamba. Leseni ya vileo ina saa zake; zifuatwe.
3. Mtoto asiuziwe wala asitumwe pombe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto kileo, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18.

Makubaliano hayo halmashauri ya kijiji inaweza kuyaandika kuwa sheria ndogo, zikapitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya.

Kwa aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi: usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili unaweza kutetemeka hata kupata degedege. Nenda kituo cha afya, eleza ukweli, usaidiwe kuacha. Familia msimcheke, msindikizeni.

Ndugu mfanyabiashara, fungua daftari lako la madeni leo. Ukikuta jina la kijana ambaye shamba lake bado linapaliliwa, funga ukurasa huo. Akivuna akanunua bati, baiskeli au mbegu, bado atakuwa mteja wako kwa miaka mingi.