Dunia Haipigi Hodi

WARAKA KWA WANACHAMA WOTE, TANGA
YAH: MIHADHARA YA MAMBO YA DUNIA

Ndugu wanachama,

Mwezi ujao tunaianza upya mihadhara yetu ya mambo ya dunia. Ratiba mtaiona hapa chini, lakini sikuandika waraka huu kwa ajili ya ratiba. Naandika kuwaomba mje, na mje na maswali, kwa sababu mhadhara usioulizwa maswali hauna tofauti na hotuba, na hotuba tunazo za kutosha.

Wapo miongoni mwetu wanaosema mambo ya dunia waachiwe mabalozi na maprofesa. Wanasema sisi tuna shida zetu za maji, barabara na ada za watoto. Hoja hiyo naiheshimu, kwani shida hizo ni za kweli. Lakini historia ya mji wetu inasema vingine. Tarehe 28 Juni 1914 mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria aliuawa Sarajevo. Wavuvi na wakulima wa hapa hawakuwa na kesi na mtu yeyote huko. Hata hivyo, tarehe 2 Novemba mwaka uleule, meli za Waingereza zilikuwa zimetia nanga mbele ya mji huu, na askari wapatao 8,000 walioletwa kutoka India wakaanza kushushwa Ras Kazone kupigana na Wajerumani. Wenye mji hawakuulizwa. Vita vilifika kwanza, maelezo yakaja baadaye.

Tuangalie na mkonge, uliolisha familia zetu nyingi. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, na ikasalia 62 tu. Kutokana na hiyo, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikiongoza duniani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha viwanda vya ng'ambo vikaanza kutengeneza kamba za plastiki kwa gharama ndogo, bei ya mkonge ikaporomoka, na kambi za manamba zilizokuwa zimejaa watu zikabaki nusu tupu. Mkata mkonge wa Korogwe hakuwa amelegea kazini. Aliendelea kutoa jasho lilelile, huku thamani yake ikiamuliwa viwandani asikokujua. Mche ulitoka ng'ambo, bei ilitoka ng'ambo, na anguko nalo likatoka hukohuko.

Hali ya leo haijabadilika. Kuanzia Novemba 2023, mashambulizi ya Wahuthi wa Yemen katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni kubwa za meli zikwepe mlangobahari wa Bab el-Mandeb na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka siku kumi au zaidi. Mwenye duka la vipuri Ngamiani aliyesubiri kontena kutoka Ulaya alizilipia siku hizo. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya mafuta ilipanda hadi serikali yetu ikalazimika kutoa ruzuku ya Sh bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Mkulima wa karafuu wa Muheza naye yumo: Indonesia ndiyo inayolima karafuu nyingi kuliko nchi zote, na nyingi inazitumia yenyewe kutengenezea sigara. Ikivuna vizuri au vibaya, bei ya kilo huku kwetu haibaki palepale.

Halafu liko bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani. Wamiliki wake ni TotalEnergies ya Ufaransa, CNOOC ya China, na mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga, likitaja haki za watu na mazingira. Wabunge wa Uganda wakajibu kwa ukali. Wote hao wamelijadili bomba linaloishia kwetu. Sisi majirani wa Chongoleani tunastahili kuwa na mahali petu pa kulijadili kwa utulivu, tukiwa na takwimu mkononi, bila kuitwa wapinga maendeleo wala vibaraka wa kampuni.

Habari hatukosi. Redio zinatangaza kutwa, na simu zetu zimejaa sauti zinazosambazwa na watu wasiojulikana. Tunachokosa ni mtu wa kumuuliza, ambaye akijibu tunaweza kumuuliza tena. Nchi hii imewahi kujifunza kwa njia hiyo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Yale majadiliano ndiyo yaliyoitoa elimu redioni na kuifikisha nyumbani.

Kwa hiyo, utaratibu wetu utakuwa huu:

1. Mhadhara utafanyika Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia saa 10 alasiri hadi saa 11:45, ili watu wawahi Magharibi na mama lishe wapate muda wa kufunga biashara kabla ya kuja.

2. Msemaji atapewa dakika 40. Muda wote unaobaki ni wa wasikilizaji. Hatutakuwa na mgeni rasmi, na hatutatambulisha meza kuu.

3. Lugha ni Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Msomi atakayetumia istilahi ngumu ataombwa aifafanue papo hapo.

4. Msemaji si lazima awe na shahada. Baharia mstaafu aliyepita Suez, wakala wa forodha na mnunuzi wa viungo wana elimu tunayoihitaji. Inapowezekana, tutamweka mmoja wao pamoja na mtaalamu wa chuo.

5. Msemaji anayelipwa na mradi au taasisi inayohusika na mada ataeleza hivyo kabla ya kuanza. Kampeni za vyama vya siasa zibaki nje ya ukumbi. Hoja nzito ziingie.

6. Hakuna posho kwa yeyote, msemaji wala msikilizaji.

Mada tatu za kwanza ni Bahari ya Shamu na gharama za bidhaa; bomba la mafuta; na masoko ya karafuu na machungwa yetu.

Kwa kila mwanachama nina maombi matatu. Kwanza, njoo na mtu mmoja asiye mwanachama, hasa kijana au mwanamke anayedhani mikutano ya aina hii si yake. Pili, ulichosikia kifikishe kwenye kikoba, kijiweni, msikitini au kanisani. Ukikieleza kwa maneno yako mwenyewe utajua kama umekielewa.

Ombi la tatu ndilo kubwa: andika swali lako kabla. Lifikishe kwa katibu wa tawi lako si zaidi ya Ijumaa ya wiki inayotangulia mhadhara, nasi tutamkabidhi msemaji maswali yote. Msemaji anayejua kwamba atakabiliwa na muuza samaki anayetaka kujua kwa nini dizeli ya boti imepanda hatatuletea hadithi za jumla. Atajiandaa. Ubora wa mihadhara hii hautategemea umaarufu wa tunaowaalika; utategemea uzito wa tunayowauliza. Anzeni kuyaandika wiki hii.

Ndugu yenu katika kazi,
Katibu wa Elimu