Kibao cha Harusi Kianze Barabarani

Harusi za huku Kebirigo siku hizi zina vibao vya kupendeza. Mlangoni kwa tenti utapata kioo kikubwa, maua pembeni, mwandiko wa kujikunja, Kiingereza kitupu. Picha zinatoka poa, sipingi. Lakini mgeni amefikaje hapo?

Anashuka kwa lami ya Kisii kwenda Chemosit, anaambiwa akate kona pale kwa majani chai. Jameni, huku majani chai si ni kila mahali? Lokesheni ya simu nayo inampeleka boma la watu wengine. Mama mdogo wa bibi harusi akifika keki ishakatwa, hicho kioo kitamsaidia nini?

Mimi naona pesa ya kioo ipunguzwe, mtengeneze vibao vya mishale. Kimoja kwa lami, vingine kila njia panda, na kiwe kabla ya kona, si baada. Majina mawili, mshale, herufi nene nyeusi kwa nyeupe, basi. Dereva hana muda wa kusoma mwandiko wa kujikunja. Na msitumie karatasi ya manila, mvua ya mchana huku mnaijua.

Mlangoni andikeni "Karibuni", ama Ekegusii, ndio magokoro aliyemlea bibi harusi asiulize watoto kumeandikwa nini.

Sherehe ikiisha, vijana wang'oe vibao jioni hiyo hiyo. Wiki ijayo kuna wengine wanaoa, na mishale yenu itawapotezea wageni.